Kitufe cha Kiti cha Nyuma

Siku Kwandu aliposahaulika ndani ya gari la shule, mama yake alikuwa chini ya lori la pamba, akitafuta waya uliokatika. Jenipha alikuwa fundi umeme wa magari, na gereji yake ya mabati ilikuwa kando ya barabara ya kutoka Bariadi kwenda Lamadi. Simu ilipoita alidhani ni mteja. Kumbe alikuwa mpishi wa shule ya chekechea, anahema.

"Mama Kwandu, njoo. Mtoto yuko hai, lakini njoo."

Mtoto alikuwa amepitiwa na usingizi kwenye kiti cha mwisho. Wenzake waliposhuka, dereva Selestini alifunga milango akaenda kunywa chai. Jua likapanda. Mpishi, akipita kufuata kuni, alisikia kitu kinakwaruza kioo. Akakivunja kwa jiwe.

Kwandu alilazwa, akatundikiwa dripu, akapona. Watu wakamwambia Jenipha amshukuru Mungu, yaishe. Alimshukuru. Lakini hayakuisha.

"Tumeweka utaratibu," mwalimu Method, mkuu wa shule, alimwambia Jenipha. "Dereva atahesabu watoto wakipanda na wakishuka."

"Mwalimu, hata siku ile alitakiwa awahesabu."

"Sasa unataka tumfukuze?"

Ndicho alichokuwa amekifuata. Njiani kote alikuwa akiyapanga maneno hayo. Ila kupitia dirishani alimwona Selestini akipangusa viti vya gari, mgongo umepinda kama wa mgonjwa, akawaza: huyu akiondoka atakuja mwingine, na huyo mwingine naye atasahau.

"Nataka gari," alisema. "Niachieni Jumamosi nzima. Nitalifungia king'ora."

Jumamosi Selestini aliileta ile Hiace ya shule. "Mwangaluka, mayu," alimwamkia kwa Kisukuma, kwa heshima ya kumwita mama. Jenipha hakuitikia. Alichukua bisibisi akafungua plastiki ya chini ya usukani.

Alitaka iwe hivi: dereva akiwasha gari, king'ora kinajitega, akizima, kinalia, na hakinyamazi mpaka mtu abonyeze kitufe kilicho nyuma. Alichukua umeme kutoka kwenye betri, akaupitisha kwenye fyuzi yake, akavuta waya mwingine kutoka kwenye swichi ya ufunguo. Alasiri kilipolia mara ya kwanza, kuku wa jirani walitawanyika. Kitufe alikifunga juu ya dirisha la mwisho.

Wiki iliyofuata alimpeleka Kwandu shuleni kwa pikipiki, maana mtoto hakutaka hata kulisogelea lile gari. Hiace ikaingia, ikazimwa. King'ora kikaanza, halafu kikanyamaza papo hapo. Jenipha alikwenda kuchungulia. Selestini alikuwa bado kwenye kiti chake, amegeuka nyuma, mkononi ana mti mrefu wa ufagio.

"Unabonyeza kwa fimbo?"

Dereva aliushusha ule mti taratibu. "Mayu, kinalia kila nikizima. Nikisimama Ngulyati kumsubiri mtoto, kinalia. Sheli, kinalia. Nimechoka kwenda na kurudi."

"Mwanangu naye alichoka kukwaruza kioo."

Selestini aliinamisha kichwa. "Najua nilichofanya," alisema. "Halafu asubuhi inakuja na haraka zake, na mkono unatafuta njia fupi."

Jenipha alikuwa na mengi ya kumfokea, lakini neno hilo lilimnasa. Mkono unatafuta njia fupi. Basi njia fupi isiwepo.

"Leta gari Jumamosi. Na safari hii hukai pembeni. Utashika waya."

Jumamosi wakang'oa kapeti. Selestini alilala kifudifudi akiusukuma waya chini ya viti, Jenipha akaupokea upande wa pili. Kitufe walikishusha kabisa, nyuma ya mguu wa kiti cha mwisho. Hakuna fimbo ambayo ingekifikia pale. Mtu angelazimika kupiga magoti, na akipiga magoti anaona chini ya viti vyote.

"Ukizima, tembea," Jenipha alisema. "Hata sheli."

"Sawa, mayu." Selestini alijipangusa vumbi, akasita. "Ila mimi ningekuwa mvivu kweli, ningeng'oa fyuzi."

Jenipha alimkazia macho. Hilo hakuwa amelifikiria. Alirudi chini ya usukani, akaikata njia ya umeme aliyoitengeneza mwenyewe, akaiunga upya kwenye fyuzi ya kuwashia injini.

"Sasa ng'oa."

Selestini aling'oa, akazungusha ufunguo. Gari kimya. Akacheka kidogo, na Jenipha, bila kupenda, akacheka naye.

Jumatatu watoto walishuka wakiziba masikio. King'ora kililia uwanja mzima huku Selestini akitembea kuelekea nyuma, mkono wake ukigusa kiti kimoja baada ya kingine. Akapiga magoti. Kukawa kimya. Alitoka jasho likimtiririka.

"Hakuna mtu," alimwambia Jenipha, ingawa hakuwa ameulizwa.

"Wabeja," Jenipha alimshukuru, naye kwa Kisukuma.

Kwandu aliendelea kupanda pikipiki mpaka muhula ukaisha, na mama yake hakumlazimisha. Likizo ilipoanza, shule moja ya Maswa ilileta gari lake gerejini. Jenipha alimpigia simu Selestini aje washirikiane. Dereva wa Maswa alipokiona kitufe kilipowekwa, alilalamika kwamba kiko chini mno.

"Piga magoti," Selestini alimwambia, akamkabidhi ncha ya waya.