Kanda Yenye Lebo ya Kwaya

Jumapili Keko, mtaa wa maseremala, hunyamaza. Misumeno hupumzika, na makochi ambayo hayajavishwa kitambaa hukaa kando ya barabara yakingoja Jumatatu. Ndiyo maana bendi ya Misumari ilirekodi albamu yake siku za Jumapili, ndani ya karakana ambamo Mashaka alikuwa fundi seremala siku nyingine sita. Waliegemeza sponji za makochi ukutani ili zimeze mwangwi. Maikrofoni yao moja waliitundika kwenye boriti, ikashuka hadi usawa wa kidevu cha Gaspar.

Walikuwa watatu tu. Gaspar aliimba na kupiga gitaa, Nassibu alipiga dramu, na Mashaka alipiga besi huku akiichunga redio kaseti. Walipiga roki, gitaa likikwaruza kama bati linaloburutwa, hakuna tarumbeta, hakuna wanenguaji. Mwenye duka moja la kanda Kariakoo aliwasikiliza dakika mbili, kisha akawauliza kama wamemletea mashine ya kukoboa.

"Tena ya mahindi makavu, mzee," Gaspar alimjibu, akacheka mpaka akakohoa.

Walipokuwa wanarudi Temeke alisema, "Basi tutaitoa wenyewe. Tutadurufu wenyewe, tutauza wenyewe."

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 1993. Ilipofika Juni, suruali ya Gaspar ilikuwa inashikiliwa kiunoni na kipande cha waya wa spika. Hakuna aliyeutaja ugonjwa wake. Mtaani walisema amekanyaga waya, fumbo la ule ugonjwa usio na dawa, na yeye aliwawahi kabla hawajanong'ona.

"Wapiga gitaa la umeme tuko wengi," alisema, "lakini aliyekanyaga waya kikwelikweli ni mie peke yangu."

Nassibu aliinama akajifanya anakaza parafujo ya dramu.

Mashaka hakuwa na namna ya kumponya rafiki yake. Alichoweza ni kuhakikisha kwamba nyimbo nane zinaingia kwenye kanda kabla sauti ile haijakatika. Hilo alilishika kama mtu anavyoshika ngazi ya mwenzake aliye juu ya paa.

Kanda yenyewe Gaspar aliichomoa kwenye rundo la mama yake. Ilikuwa kanda nzuri ya nje, ya dakika sitini, iliyokuwa na nyimbo za kwaya ya parokia. "Mama anazo tatu za kwaya ileile," alisema. "Hii moja hataililia." Vile vimeno viwili vya nyuma, ambavyo vikivunjwa kanda haifutiki tena, vilikuwa vimeshavunjwa. Mashaka aliziba matundu kwa karatasi aliyoitafuna, kanda ikakubali kurekodi.

"Tubandue na hii lebo," alisema.

"Acha. Jina tutaliandika ikiisha. Mama asijue kwanza. Nataka aishike ina kava, ina picha, ndo aisikie."

Jina walikuwa nalo tayari: Mbao Mbichi. Makava ishirini ya fotokopi yalikuwa ndani ya sanduku la vifaa, pamoja na kanda tupu ishirini. Nassibu alitaka wadurufu nyimbo zilizokwisha ingia, hata nakala moja ya akiba. Mashaka alikataa. Useremala ulimfunza kutokabidhi kabati ambalo halijapigwa vanishi, na kanda nayo aliihesabu hivyohivyo. Ikamilike kwanza.

Wimbo wa nane waliurekodi Gaspar akiwa ameketi kwenye kochi la mteja, maana miguu ilikuwa imegoma. Harufu ya vanishi ilimchokoza kifua, wakafungua milango yote miwili, na sauti ya muuza kahawa akigonganisha vikombe ikaingia kwenye ubeti wa pili. Gaspar aliimba hadi mwisho, akainua mkono wasizime, akakohoa, halafu akasema kwa sauti ndogo, "Haya, imetosha."

"Turudie?" Nassibu aliuliza. "Kuna vikombe."

"Mwache na yeye aingie kwenye albamu, braza. Tangu asubuhi anapiga kwa taimu kuliko wewe."

Gaspar aliomba kanda akakae nayo siku mbili tatu. Asubuhi mama yake alikuwa anakwenda kuuza mboga sokoni, na saa hizo nyumba ilikuwa yake na redio yake. Mashaka alimpa. Jumapili ijayo wangedurufu.

Alhamisi, saa nne asubuhi, Nassibu alisimama mlangoni mwa karakana, amevua kofia. Mashaka aliweka randa chini.

Jeneza alilitengeneza yeye. Mafundi wa karakana za jirani waliacha kazi zao wakaja kumshikia mbao, na mmoja aliongeza kishikio cha shaba alichokuwa amekitunza kwa ajili ya kabati la mtu. Siku nzima ile Mashaka hakukanyaga msibani. Alipiga msasa pale ambapo pangekaa kichwa, akarudia, akarudia tena, hadi fundi mmoja alipomshika bega. "Inatosha, Mashaka. Halitalainika zaidi ya hapo."

Na siku hiyohiyo, kule nyumbani, Romani, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa anahangaika kutafuta kanda. Bibi yao alikuwa kijijini Mbinga, mbali kusini, mzee asiyeweza kusafiri, na katika ukoo ule msiba wa mbali hurekodiwa, ukapelekwa kwa wasiokuwepo, ili nao wakae chini wasikie misa na udongo ukishuka, walie kwa zamu yao. Mama Yustina, mama yao, alimwonyesha redio iliyokuwa kando ya kitanda cha Gaspar. "Mna kanda yangu ya kwaya humo. Chukua, ninazo nyingine."

Siku tatu baada ya maziko Mama Yustina alimwita Mashaka. Alikuwa ameketi mkekani, amefunga kanga kifuani, macho yamevimba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Jeneza lile Mungu atakulipa." Alimpa kanda mikononi. "Wewe ndiye fundi wa mambo haya. Nidurufie saba, za Mbinga. Romani amerekodi yote, upande huu misa, upande huu makaburini."

Mashaka aliitazama lebo. Jina la kwaya lilikuwa palepale. Karatasi zake mbili alizozitafuna zilikuwa palepale pia, ngumu kama saruji.

"Sawa, mama," alisema.

Karakanani yeye na Nassibu walisikiliza upande wa kwanza wote wakiwa wamesimama. Padri, wimbo, padri. Hakuna gitaa hata moja. Upande wa pili koleo zilisikika, na mwanamke akilia jina la Gaspar, na salamu za wafiwa. Kisha mlio wa kidole kikibonyeza kitufe, na ghafla vikombe vya kahawa, na sauti ya Gaspar katikati ya ubeti wa pili. Dakika mbili na kidogo. Kikohozi. Haya, imetosha.

Nassibu alikaa kwenye sakafu yenye takataka za mbao. "Nilikwambia tudurufu," alisema. Hakulisema kwa hasira, na ndiyo maana lilimchoma zaidi mwenzake.

"Ulinambia."

"Utamwambia mama?"

"Nimwambie nini? Kwamba amemfuta mwanawe kwa mkono wake? Lebo niliiacha mie. Matundu niliziba mie."

"Basi kata pale kaburini panapoishia."

Mashaka alifungua sanduku, akatoa kanda saba kati ya zile ishirini, akazidurufu moja baada ya nyingine hadi mwisho kabisa wa utepe. Hakukata kitu.

Alipozipeleka, Mama Yustina alitaka kuhakikisha zimeshika. Aliweka upande wa makaburini, akasikiliza ameinamisha kichwa. Udongo ulipokwisha, Mashaka alinyoosha mkono kuzima, kisha akaurudisha. Vikombe viligongana. Gitaa likakwaruza.

Mama aliinua kichwa. "Huyu ni Gaspar?"

"Ndiye, mama."

Alisikiliza hadi kikohozi, hadi yale maneno mawili, hadi utepe ulipokwisha na kitufe kikajifyatua. Akaurudisha nyuma mwenyewe, akasikiliza tena.

"Sikujua anaimba hivi," alisema. "Jumapili zote mie nikinuna kwamba haji kanisani." Alijifuta kwa ncha ya kanga. "Mna nyimbo nyingine?"

"Hatuna, mama."

"Mbona hamkurekodi zaidi?"

Alimtazama kwa macho ya mtu anayeuliza kwa sababu anataka kujua tu. Mashaka aliangalia mikono yake, yenye vanishi ya jeneza kwenye kucha.

"Tulichelewa," alisema.

Mama Yustina alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesamehe deni dogo. Kisha akauliza zile kanda za Mbinga zitaandikwaje, maana bibi haoni vizuri lakini wajukuu watamsomea.

Mashaka alitoa makava mfukoni. Mama aliyatazama, akafuatisha herufi kwa kidole, Mbao Mbichi, akaipapasa ile picha ya fotokopi ambamo mwanawe alionekana kama kivuli chenye gitaa. Akazivika kanda makava hayo moja moja, zote saba. Ile yenye lebo ya kwaya aliirudisha kwenye redio, kando ya kitanda.