Rimu Moja, Habari Mbili

Kijiji chetu kipya, karibu na Vihingo, kilikuwa na rimu moja ya lori, imetundikwa kwenye mkorosho mbele ya ofisi. Mwaka ule wa 1975, baada ya simba kumla mzee mmoja kisimani, rimu hiyo ikapewa kazi mbili. Kila asubuhi mume wangu Mwinyimadi, mgambo mwenye gobore, aliikagua njia ya kisima. Akirudi salama anagonga mara tatu, wanawake wakachote maji. Na katibu wetu, Onesmo, aligonga mfululizo kuwaita watu kwenye shamba la kijiji. Yote asubuhi hiyohiyo.

Nilisema mkutanoni, wakaona nina mdomo.

"Watu wa bondeni hawawezi kuhesabu mapigo," niliwaambia. "Upepo unawaletea mlio tu. Mwanangu Mboni anakaa kule, na ana mimba. Akisikia chuma, anabeba ndoo."

"Basi shamba litangoja mpaka Mwinyimadi agonge, Mama Mboni," Onesmo akajibu.

Tukakubaliana hivyo. Hata hivyo usingizi wangu ukawa wa mang'amung'amu.

Kisha ikaja habari kwamba mgeni kutoka wilayani atakuja kulitazama shamba. Asubuhi ya ugeni Mwinyimadi alichelewa. Nilikuwa nachochea moto, nimetega sikio, mara rimu ikalia. Nikatoka mbio. Aliyeshika nyundo ni Onesmo.

"Mwinyimadi yuko wapi?"

"Atarudi tu. Mgeni anakaribia, Mama Mboni, na shambani hakuna mtu!"

Nikamnyang'anya nyundo, nikainyanyua, mkono ukaniganda hewani. Nigonge nini? Kijiji kizima hatukuwa na mlio wa kusema kaeni ndani. Kila pigo lilisema tokeni. Nikikimbia mwenyewe sifiki. Nikipiga mayowe, Mboni atakimbia bila kujua akimbilie upande gani.

Nikaitupa nyundo, nikaweka mikono kichwani, nikaangua kilio cha msiba.

"Mwinyimadi wangu! Mwinyimadi ameniacha!"

Kumlilia mtu aliye hai ni uchuro, najua. Niliogopa huku nalia, nikiona kama ulimi wangu ndio unaomuua. Lakini jirani akakipokea kilio, na wa pili akakipokea, kikateremka nyumba kwa nyumba na jina la mume wangu mpaka bondeni.

Wanawake wakaja, kanga vichwani. Mboni akaja wa mwisho, peku, mikono mitupu, anahema. Nikamkumbatia, nikanyamaza. Walipouliza maiti iko wapi, nikasema ukweli. Onesmo akanifokea kwamba nimevuruga kazi ya kijiji. Hakuna aliyemjali, maana sasa wote tulikuwa tunaitazama njia ya kisima, na Mwinyimadi hatokei.

Alitokea jua limeshapanda, gobore begani, mkononi ndoo ya Mboni.

"Nimemfuata simba tangu alfajiri, akanizunguka," alisema. Midomo ilikuwa imemkauka. "Ndoo hii nimeikuta njiani. Pana nyayo za mtu peku, aligeukia njiani akakimbia. Na nyayo za simba ziko juu ya hizo za mtu."

Kisha akaziona zile kanga vichwani, na nyuso zilizolowa machozi. Ndoo ikamponyoka.

"Nimechelewa," alisema. "Nani amekufa?"

Mboni ndiye aliyejibu.

"Wewe, baba."