Nakala Mama

Kila jua lilipoanza kuzama, Mama Vifungo aliweka mkasi mezani, akachomoa pini mdomoni, akaenda jikoni kuzima friji. Hakulizima kwa ubahili tu, ingawa umeme si maji ya mvua. Aliamini kwamba kitu kinachonguruma mchana kutwa kinastahili kulala usiku, kama mtu. Asubuhi aliliwasha, akabonyeza nyanya kwa kidole, akaziona ziko salama, akarudi kwenye cherehani yake katika chumba cha mbele, penye dirisha la barabarani.

Binti yake wa mwisho, aliyeitwa Kitinda kwa sababu baada yake mlango wa tumbo ulifungwa, alifanya kazi kwenye ghala la filamu za zamani, chini ya ofisi moja ya serikali. Kazi yenyewe ilikuwa kufungua makopo, kunusa, na kuyafunga tena. Filamu ikianza kuoza hunuka siki. Kiyoyozi cha ghala kilikuwa kimekufa siku nyingi. Mkuu wa ghala alikuwa ameomba kingine, akajibiwa kwamba ombi lake limepokelewa, na akaridhika.

Jioni moja Kitinda alikaa kwenye kigoda cha wateja akasema, "Mama, naomba shule ya nje. Shahada ya uzamili. Urithi wa filamu."

Mama Vifungo aliacha kukanyaga cherehani. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Urithi bila maiti? Mwanangu, hiyo si elimu, hiyo ni kesi."

Kitinda akamweleza taratibu. Urithi huo ni picha walizoacha watu wa kale, na wanaosoma hufundishwa kuzitibu zisioze. Masomo ni ya kuhamahama: muhula huu nchi hii, muhula ujao nchi nyingine, na wanafunzi wanatoka pande zote za dunia.

"Kumbe watu wenyewe wameshakufa," akasema mama. "Nilijua tu." Akaendelea kushona, lakini mshono ulikwenda upande. Moyoni alikuwa ameshaona baridi, ameshaona mwanawe anakohoa, na ameona mkwe ambaye yeye hataweza kumgombeza kwa kuwa hawana lugha moja.

Kila mwombaji alitakiwa kuchagua filamu moja ya kwao na kueleza atakavyoitibu. Akikubaliwa, angekwenda nayo. Kitinda alichagua ile iliyokuwa mahututi kuliko zote. Kwa kuwa ghala lilikuwa na joto la tanuri, aliibeba kwa ruhusa mpaka nyumbani, akaliweka kopo lake bapa ndani ya friji, chini ya nyanya.

"Mama, tafadhali. Friji lisizimwe."

"Sawa."

Mama Vifungo alisema sawa kwa mdomo. Mkono haukuambiwa. Jua lilipozama mkono ukanyooka wenyewe, ukazima, kama ulivyozoea. Wenye watoto wasomi na mafriji wazingatie hapa.

Asubuhi alimkuta mwanamke chumba cha mbele anaanika nguo. Alikuwa msichana hasa, wa kijivu kuanzia kitambaa cha kichwani hadi kucha za miguu. Alikuwa amefunga uzi wa cherehani kutoka dirishani hadi mlangoni, na ameshaanika suruali za wateja, taulo la vyombo, soksi za Kitinda na kalenda. Alitembea haraka kuliko watu, kama watembeavyo wa filamu za zamani. Akifika mwisho wa chumba hakugeuka kurudi. Alionekana tu mwanzoni tena, na beseni lake kiunoni.

"Kitinda," akaita mama. "Mgeni wako kaamka mapema."

Kitinda alitoka na mswaki mdomoni, akatazama, akatema povu. "Mama, umezima friji."

"Nimelipumzisha."

"Basi joto limemtoa." Alikwenda kunusa kopo, akarudi amekunja pua. "Na siki imezidi."

"Ni nani lakini?"

"Imeandikwa, Mwanamke Akianika Nguo. Kuna mgeni alipita zamani na kamera, akampiga picha, akaenda zake."

Mama Vifungo alivuta kiti akakaa. Yule wa kijivu alibana vibanio vya nguo mdomoni, kwenye kona ya kushoto, huku jicho la kulia amelifinya kidogo. Mafundi wote hubana pini mdomoni. Lakini hivyo, kona ile na jicho lile, Mama Vifungo hakuwahi kumwona mtu anayebana ila yeye mwenyewe kwenye kioo. Mama yake alifariki yeye angali ananyonya. Haikubaki picha hata moja. Alituma mtu akamwite Mama Mkubwa, dada wa yule marehemu, aliyeishi mtaa wa pili na fimbo yake.

Mama Mkubwa alifika, akapewa chai, akaipuliza, akamtazama msichana wa kijivu kutoka juu hadi chini.

"Kumbe kitambaa changu alichukua yeye," akasema.

"Kitambaa gani, Mama Mkubwa?"

"Hicho kichwani. Nilimsingizia binti wa jirani mpaka wakahama."

"Ina maana ni yeye?"

"Sasa nani mwingine angeiba kitu halafu akakivaa mbele ya kamera?" Akaongeza sukari. "Na ana jina lake. Huyo mwenye kamera alishindwa kuuliza?"

Akalitaja lile jina. Msichana wa kijivu akageuza kichwa, jambo ambalo kwenye filamu halimo.

Tangu siku hiyo Mama Vifungo alikuwa na mama, na friji lilibaki limezimwa. Alimwamkia asubuhi, ingawa mwamkiwa angeweza kuwa binti yake. Hakujibiwa, kwa kuwa filamu ile haikuwa na sauti, lakini midomo ilichezacheza na ilitosha. Alimsimulia habari zote tangu kunyonya hadi kuzaa, na yule alisikiliza huku anaanika. Kazi nayo ilikwenda vizuri. Wateja walikuta nguo zao zimening'inia, zimenyooka, kila moja na vibanio vyake.

Muuza magazeti wa ng'ambo ya barabara alichungulia dirishani. "Mama Vifungo, siku hizi umepata mwanagenzi?"

"Ni mama yangu."

"Ahaa. Hajambo?"

"Hajambo, ila hasemi."

"Afadhali wako," akasema muuza magazeti. "Wangu anasema."

Ubaya ulikuwa mmoja. Kadiri yule msichana alivyokaa nje, kopo lilizidi kunuka, naye alizidi kufifia. Haikupita wiki ukawa unasoma saa ya ukutani kupitia mgongo wake.

"Akibaki nje, filamu inaoza," alisema Kitinda. "Ikioza sina cha kupeleka, na nafasi imekwenda na maji. Na yeye pia tumempoteza, mama. Ukiliwasha friji, atarudi ndani, atapona."

"Nitaliwasha kesho."

Kitinda hakubishana. Alijua kesho ya mama yake haina tarehe. Kazi ya kuwasha friji ilikuwa ya mama katika nyumba ile, na Kitinda hakutaka kumrudisha bibi yake ndani kama mtu anayerudisha maziwa.

Siku ya usaili iliangukia mchana. Kitinda alivaa blauzi iliyopigwa pasi, na chini kaptula ya kulalia, kwa kuwa kompyuta huona juu tu. Maprofesa watatu wakatokea kwenye skrini, kila mmoja nchini kwake, wote na nyuso za upole. Mama Vifungo alikaa pembeni asionekane, akishona kimyakimya. Kitinda alijibu maswali kwa lugha yao, kwa haraka na kwa tabasamu, mpaka bibi yake alipopita nyuma na taulo bichi.

Maprofesa hawakushtuka. Mwenye miwani aliinama, akapekua kitu, akasema maneno mengi.

"Anasemaje?" akanong'ona mama.

"Wanamfahamu. Wanasema nakala mama iko kwao."

"Nakala ya mama?"

"Nakala mama, mama. Ile ya kwanza, inayozaa nyingine. Yule mgeni aliondoka nayo. Hii yetu ni mtoto wake."

"Yaani mama yangu yuko kwao, na huku kabaki mtoto?"

"Ndivyo."

"Mtoto si mimi?"

Hilo Kitinda hakulitafsiri. Profesa mwenye miwani akaendelea. Alisema haki zote za yule mwanamke ni za chuo, na kumwonyesha watu kunahitaji kibali, lakini kwa siku ya leo, kwa kuwa ni usaili, wanaridhia apite nyuma. Kitinda akashukuru.

"Unashukuru nini?"

"Ndiyo adabu yao, mama."

"Waambie waandike jina lake. Si mwanamke tu, ana jina."

Kitinda akawaambia. Maprofesa wakatikisa vichwa kwa huruma, wakaandika, wakajibu.

"Wanasema ombi la kubadili maelezo lazima litoke kwa mwenye haki."

"Mwenye haki nani?"

"Wao."

"Basi wajiombe."

Hilo alilitafsiri. Maprofesa wote watatu walicheka kwa furaha, wakasema ni wazo zuri sana. Kabla ya kuaga wakampa majibu palepale: amekubaliwa, mradi filamu ifike ikiwa hai.

Kitinda aliruka na kaptula yake, akamkumbatia mama, akaizunguka cherehani akicheza. Mama Vifungo naye alicheza, maana furaha ya mtoto haisubiri ruhusa. Mama Mkubwa, aliyesikia vigelegele tangu mtaa wa pili, alifika na fimbo yake akacheza ameketi. Msichana wa kijivu akaanika fimbo.

Kisha Mama Vifungo akakaa, akamtazama mama yake. Ukuta ulionekana vizuri zaidi kuliko yeye. Alifungua sanduku la mabaki ya vitambaa, akatoa kipande chekundu kilichobaki kwenye sare za kwaya, akakipinda pindo kwa mkono, mshono mdogomdogo. Akasimama mbele ya mama yake mahali ambapo angetokea, akasubiri. Alipotokea, akamvua kile kitambaa cha wizi, akampa Mama Mkubwa, aliyekinusa, akasema kinanuka siki, akakifunga kichwani palepale. Chekundu akamfunga mama yake, fundo kwa nyuma.

"Mama," akamwambia, "mjukuu wako anakwenda shule. Rudi ndani ukapone."

Jua lilikuwa linazama. Mama Vifungo alikwenda jikoni saa ileile aliyozoea kuzima, akawasha. Friji likanguruma. Msichana alimaliza kuanika shati lililokuwa mkononi, akatoa vibanio mdomoni, akamwekea Mama Vifungo kiganjani. Akamtengenezea kola ya gauni, kama mtoto anayetumwa dukani. Kisha akafungua friji, akasogeza nyanya kando, akaingia.

Kitinda aliondoka na kopo ndani ya boksi la barafu. Pale uwanja wa ndege mkaguzi aliuliza kuna nini humo.

"Bibi yangu."

"Mzigo wa mkononi," akasema mkaguzi. "Pita."

Huko alikofika walizitandaza filamu mbili sambamba, ya kwetu na nakala mama yao, wakazikagua kwa taa. Katika zote mbili, katikati ya kijivu kitupu, mwanamke alikuwa na kitambaa chekundu kichwani. Ilikuwa nyekundu ya kwaya. Maprofesa walifurahi mno. Waliandika makala, wakaitisha mkutano, wakaandika kwamba asili ya rangi hiyo haijulikani. Kitinda aliwaambia asili yake ni mama yake mzazi, chumba cha mbele, dirisha la barabarani. Walimshukuru, wakasema maelezo ya mdomo ni hazina.

Maandishi ya kopo yamerekebishwa. Sasa yanasema: Mwanamke Akianika Nguo, kitambaa chekundu.

Kitinda anasoma vizuri, amenenepa, na sweta lake linamtosha. Akitaka kumwona bibi yake huomba mapema, huvaa glavu, hungoja ajibiwe. Mpaka sasa hawajawahi kumkatalia. Ghala lao ni baridi safi, na kiyoyozi hakijawahi kufa. La kwetu nalo, ombi bado limepokelewa.

Mama Vifungo hazimi friji tena, ingawa humo mmebaki nyanya peke yake. Mteja akija kupimwa, akataja kwamba mwanawe anataka kusoma nje, Mama Vifungo humzungushia utepe kiunoni, akakaza kidogo ili asikilize.

"Akikwambia anakwenda kusomea urithi," humwambia, "usikosee nilivyokosea mimi. Usiulize nani kafa. Uliza nani kaushika. Ukishajibiwa, mshonee sweta, mwache aende."

Nguo zake mwenyewe huzianika uani, kwa vile vibanio vya kijivu. Upepo ukiwa mkali havishiki sana. Hajanunua vingine.