Aliyezikwa kwa Jina la Ronny

Kahaso aliomba aonyeshwe miguu.

Mhudumu wa mochari alisita, maana watu wote huanza na uso. Alikuwa ameshajiandaa kumwambia mama huyu kwamba uso haufai kutazamwa, kwamba siku kumi na moja ndani ya maji ya chumvi si mchezo. Ikabidi azunguke meza na kuinua shuka upande wa chini. Kahaso akainama, akaushika mguu wa kushoto, baridi, umevimba, akapitisha kidole chake katikati ya vidole vya mguu huo, kimoja baada ya kingine. Alipofika kwenye cha pili na cha tatu hakuweza kupita. Vilikuwa vimeshikana mpaka ukuchani, kama vya marehemu mumewe.

"Ni Kadenge," akasema. "Ni mwanangu."

Mhudumu akageuza kikaratasi kilichofungwa kwenye kifundo cha mguu, akakisoma, kisha akakisoma tena kwa sauti. "Mama, huyu ni Ronny Makokha."

"Huyo simjui. Huyu nimemzaa mwenyewe, Mishomoroni, nyumbani, hata hospitali sikuwahi kufika."

"Alikutwa na kitabu cha ubaharia kiunoni, ndani ya mfuko wa nailoni. Picha imeoza, lakini jina linasomeka, na jina hilo limo kwenye orodha ya meli. Alama za vidole hatuwezi kuchukua tena, ngozi imetoka." Akaishusha shuka taratibu, kwa heshima. "Mimi naandika kilicho kwenye karatasi, mama. Pole sana."

Kadenge alikingoja kitabu chake mwenyewe miaka miwili, maana bila kitabu hakuna meli imchukuayo baharia. Kila akienda ofisini kukiulizia aliambiwa aje wiki ijayo, huku wenzake waliojua kuzungumza na watu wakitoka na vyao mkononi. Ndipo Nicanor, aliyekuwa akizitafutia meli ndogo mabaharia, akamwita kando. Yuko jamaa Changamwe, akamwambia, Ronny, ameacha bahari kwa sababu ya mgongo. Kitabu chake kingali hai. Nenda nacho. Bahari haiulizi mtu jina.

"Melini wananiita Ronny, mama," Kadenge alikuwa akimsimulia akirudi safari, akicheka. "Nisipoitika wanasema naringa."

Mara ya mwisho alipiga simu Jumatatu asubuhi. Wamepakia vitunguu na saruji za kupeleka Ngazija. Watu wa hali ya hewa walikuwa siku ya pili sasa wakitangaza kwamba kimbunga kinapanda kutoka kusini, vyombo visitoke. Nahodha alitaka kungoja. Mwenye meli akampigia, akamwambia manahodha ni wengi mjini.

"Sasa mnatoka?" Kahaso aliuliza.

"Tunatoka. Shida ni vitunguu, mama. Vikikaa vitaoza."

Upepo uliofika Kisauni ulikuwa mkia tu wa kimbunga, na bado uling'oa mabati ya jiko la Kahaso na kulaza minazi mitatu njiani. Yaliyotokea huko baharini hakuna aliyeyaona. Watu kumi na mmoja walikuwa ndani ya meli ile. Wavuvi wa ng'ambo ya mpaka waliokota maiti tatu, zikaletwa mochari.

Kutoka mochari Kahaso alikwenda moja kwa moja Changamwe, kwenye ofisi ya Nicanor, chumba kimoja nyuma ya yadi ya makontena. Malori yalikuwa yakipita karibu kiasi cha kutikisa vioo vya dirisha. Nicanor alisimama alipomwona, akampa mkono kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama. Keti. Nikuagizie soda?"

"Marahaba. Sitaki soda. Nimemwona mwanangu kule mochari, nataka nipewe."

Nicanor akarudi kwenye kiti chake. Alifungua faili, akaliangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Meli haikuwa na mtu anayeitwa Kadenge."

"Wewe ndiye uliyempeleka."

"Nani alinisikia?"

Kwa kweli hakuna aliyemsikia isipokuwa Kadenge.

"Nisikilize kama mwanao," Nicanor akasema, sasa kwa upole. "Bima ikijua kuna mtu alipanda kwa kitabu cha mwenziwe, itakataa yote. Kuna familia nyingine kumi zinangoja. Utaziambia nini?"

"Mimi sijaja kudai kitu. Nataka nikamlaze Vitengeni, kando ya babake. Basi."

"Maiti hupewa jamaa za mwenye jina."

"Na mwenye jina yu hai!"

Nicanor akainuka, akaufunga mlango uliokuwa wazi. "Punguza sauti, mama," akasema.

Chifu naye alimpokea vizuri. Aliandika maelezo yote kwa mkono, kurasa mbili, kisha akaweka kalamu chini. Kwa serikali, akaeleza, Kadenge ni mtu aliyepotea. Mtu aliyepotea hungojwa miaka saba, ndipo mahakama imhesabu amekufa.

"Lakini nimemshika mguu," Kahaso akasema.

"Ulimshika Ronny, mama. Kwa karatasi ulimshika Ronny."

Siku mbili alizunguka Changamwe akimuulizia Ronny, kwenye vibanda vya chakula, kwa wapakiaji, kwa wauza mitumba. Alimpata nyuma ya matangi ya mafuta, kwenye chumba cha mabati, amelala sakafuni kwa ajili ya mgongo. Kijana mwembamba, wa rika la Kadenge. Nafula, mkewe, mja mzito wa miezi mingi, alimpisha Kahaso kwenye stuli pekee iliyokuwapo. Kahaso aliposema yeye ni mama ya nani, Ronny alijaribu kuinuka haraka, maumivu yakamrudisha chini.

"Mathe, nilikuwa nakungoja," akasema. "Nilijua siku moja utakuja."

Alimweleza kwamba ofisi ya meli ilipiga simu Webuye kumpa mamake rambirambi. Mama huyo alilia mpaka majirani wakajaa uani, ndipo Ronny naye akapiga, akamwambia yu hai, na kwamba asimwambie mtu. "Sasa mamangu anapokea watu wa matanga na hawezi kuwaambia ukweli. Amepikia watu wiki nzima."

"Twende polisi tukaseme," Kahaso akamwambia. "Useme tu, mimi ndiye Ronny, yule si mimi. Hilo tu."

"Watanishika. Kutoa kitabu ni kesi."

"Watakushika, utatoka. Mwanangu akishafukiwa hatoki."

Nafula akaingilia. "Nenda naye," akamwambia mumewe, bila kumtazama. "Huyu ni mama ya mtu."

Ronny alifuta uso kwa kiganja. "Kesho asubuhi," akasema. "Saa mbili, pale stesheni ya polisi. Kweli kabisa, mathe."

Kahaso alifika saa moja. Alisimama ng'ambo ya barabara na leso yake nzuri, ile ya kanisani, kwa sababu alitaka askari wamwone kuwa ni mtu wa maana. Saa mbili ikapita, na saa nne, na saa sita. Alipokwenda kwenye chumba cha mabati alikuta kufuli. Jirani akamwambia kuna gari dogo jeupe lilikuja alfajiri, likamchukua Ronny na mkewe. Hawakuonekana kama waliolazimishwa, jirani akasema. Wala hawakuonekana kama watu waendao kwa hiari.

Ijumaa wenye meli wakawazika wale watatu kwa pamoja, kwenye makaburi ya umma, kwa gharama za ofisi. Kulikuwa na maturubai, viti vya plastiki, maji ya chupa, na mashada matatu ya maua yanayofanana. Makaburi mawili yalikuwa ya wageni, mabaharia wa kisiwa cha Bukini ambao kwao hakukupatikana mtu wa kupokea simu. Kahaso aliambiwa habari na yule mhudumu wa mochari. Akaja peke yake. Hakuna aliyemzuia langoni.

Aliliona jina kwenye msalaba kabla hajaliona jeneza. Kisha akamwona Ronny. Amevaa suti isiyokuwa yake, mikono ya koti imemfunika vidole, Nafula kando yake, Nicanor nyuma yao. Mtu aliyesimama karibu na Kahaso alikuwa akimnong'oneza mwenzake kwamba yule ni ndugu wa marehemu, ndiye aliyetia sahihi ya kupokea maiti.

Mchungaji alisoma, akaomba, akasema Ronny alikuwa kijana mchapakazi aliyeipenda bahari. Jeneza likashushwa. "Jamaa wa marehemu atangulie kutupa mchanga," akasema.

Ronny akatoka mbele. Akainama kwa shida, akachota, akabaki ameushika mchanga ule bila kuutupa. Macho yake yakamwona Kahaso. Mdomo ukafunguka. Nicanor akamwekea mkono begani, taratibu, kama afanyavyo mtu kumfariji mfiwa, na mchanga ukamtoka Ronny mkononi wenyewe.

Kahaso alikwenda mpaka ukingoni. Hakupiga yowe. Alipiga magoti, akasema kwa Kigiriama maneno machache ambayo mama humwambia mtoto anayelala penye mbu, akachota mchanga kwa mikono miwili, akautia mahali alipokadiria kuwa ndipo miguu ilipo. Watu wakaanza kutazamana. Mwanamke mmoja wa ofisi, mwenye kamera shingoni, akamkaribia.

"Samahani, mama. Wewe ni nani wake?"

Kahaso akamtazama Ronny. Ronny akatazama viatu vyake. Nafula alikuwa akilia wazi wazi, mikono juu ya tumbo.

"Basi nakuomba usogee kidogo," mwanamke wa kamera akasema. "Tunapiga picha ya familia."

Kahaso akainuka, akasogea.

"Kidogo tena, mama. Bado unaonekana."

Akasogea tena, kinyumenyume, bila kuondoa macho kwenye kaburi la mwanawe, mpaka kisigino chake kikabomoa udongo wa ukingo wa kaburi la pili, lililokuwa bado wazi.