Nani Anafunga Koki?

Jumamosi, saa tatu asubuhi, mawingu yalitanda na upepo haukuwepo. Mchoraji ramani alipanda juu ya stuli sebuleni kwake, akatia vidole ndani ya ndoo ya chujio, na kukuta kokoto zimekauka tena. Alishika koki. Ilikuwa imefungwa.

"Haiwezekani," alisema. Sebuleni walikuwemo samaki tu, na hawakuwa na maoni.

Tangi la samaki lilichukua ukuta mzima. Lilikuwa la baba mkwe wake, mkaguzi mstaafu wa idara ya maji, na lilihamia hapa pamoja naye baada ya mzee kuteleza kwenye ngazi za nyumba yake na kulala sakafuni hadi majirani walipomsikia. Mkewe, ambaye ni mfamasia, alimsihi sana baba yake asiishi tena peke yake. Mzee alikubali kwa sharti moja. "Samaki wangu wakistawi, nakaa. Wakianza kufa, msinibembeleze. Narudi kwangu." Mmoja alikuwa ameshakufa. Walibaki watatu, wapana kama sahani, na asubuhi hiyo wote walikuwa wakihema juu ya maji.

Chujio la zamani lilivunjika wakati wa kuhama. Mchoraji alibuni jipya, la matone, na alilibuni kama anavyobuni nyumba za watu: kwa rula. Pampu iliyozama tangini ilisukuma maji hadi kwenye ndoo pana juu ya rafu. Hapo maji yaliingia kwenye trei yenye matundu, yakadondokea sponji, yakapenya kokoto, kisha yakarudi tangini. Sponji ilishika taka. Kokoto zilikuwa makazi ya vijidudu vinavyokula sumu inayotokana na kinyesi cha samaki. Vijidudu hivyo vinahitaji maji na hewa bila kukoma. Kokoto zikikauka, vinakufa, na samaki wanafuata. Koki moja kwenye bomba ilitawala kasi ya maji. Kwenye karatasi hapakuwa na kosa.

Lakini koki ilijifunga. Mwanzoni alishuku mtetemo wa pampu, akaiwekea mpira chini. Koki ikajifunga. Akashuku koki yenyewe, akanunua nyingine ngumu zaidi. Nayo ikajifunga. Akashuku mchoro wake, akauchora upya mara mbili, na mara zote mbili ukatoka vilevile. Akifungua, matone yalianza kuimba. Akirudi, alikuta kimya, na pampu ina joto kama pasi.

"Umeigusa?" alimuuliza mkewe aliyekuwa akipita na kikombe cha chai.

"Nimeshakwambia sijaigusa."

"Nakuuliza tena."

"Na mimi nakujibu tena. Unataka niape?" Aliweka kikombe chini. Aliwatazama samaki, kisha akashusha sauti. "Ni Baba."

"Baba yupi?"

"Una wangapi humu ndani? Hakutaka kuja. Anafunga ili wafe, apate sababu ya kuondoka."

"Mtu hawezi kuwaua samaki wake."

"Humjui baba yangu. Akitaka jambo lake, ni jiwe."

Mlango wa chumba cha wageni ulifunguka. Mzee alisimama hapo, kofia kichwani, na ilikuwa wazi kwamba masikio yake hayakustaafu.

"Endelea, mwanangu," alisema. "Mbona umenyamaza?"

"Baba, sikukusudia…"

"Umekusudia. Samaki hawa niliwanunua na mama yako, wakiwa wadogo kama kucha. Leo nimekuwa mchawi wao." Aligeuka. Walisikia zipu ya begi ikifunguliwa na makabati yakigongwa.

Mfamasia alikaa kwenye mkono wa kochi. Hakulia, lakini alikishika kikombe cha chai kwa mikono miwili bila kunywa. Mchoraji alibaki juu ya stuli. Alitaka kumtetea mkewe, alitaka kumtetea mzee, na zaidi ya yote alitaka koki imweleze. Aliifungua. Tone, tone, tone.

Hodi ilipigwa, na kabla ya kuitikiwa, aliingia mdogo wa kiume wa mfamasia, fundi magari, ambaye hajawahi kufika mahali akiwa amenyamaza.

"Shemeji! Bado uko juu ya stuli? Shuka, utaota mizizi. Dada, mbona uso kama hospitali?"

"Baba anaondoka," dada yake alisema. "Nimemsingizia kwamba anafunga koki. Au sijamsingizia. Sijui."

"Koki gani?"

"Ya chujio. Inajifunga yenyewe," mchoraji alisema.

"Koki kujifunga! Shemeji, wewe umesoma kwa niaba ya ukoo wote, halafu unatuletea habari za majini?" Alicheka, akaelekea jikoni kutafuta maji ya kunywa, akipita kando ya tangi. "Mimi ningekuwa mzee nisingeondoka, ningekaa nile vya bure. Tena msije mkasema ni mimi, kwanza sijakanyaga hapa tangu juzi, na juzi sikugusa kitu."

Alipokuwa akisema hayo, mkono wake wa kushoto uliinuka, ukashika koki, ukaizungusha robo, na kushuka. Hakutazama. Wala hakukatisha sentensi.

Matone yalikoma.

"Umefunga," dada yake alisema.

"Nimefunga nini?"

"Koki! Umefunga sasa hivi!"

"Nani? Mimi?" Aliutazama mkono wake kama mtu aliyekuta abiria asiyemjua kwenye gari lake. "Acheni utani."

Mfamasia alisimama polepole. Katika nyumba waliyolelewa, baba yao alirudi kila jioni akitoka kutafuta mabomba yanayovuja, na tone lililosikika ndani lilikuwa aibu. Hakuna aliyeulizwa ni zamu ya nani. Aliyesikia, alifunga. Walifunga wakila, wakisoma, wakigombana.

"Ni sisi sote," alisema. "Jana nimepita hapa mara ngapi? Sikumbuki kuigusa hata mara moja."

Mchoraji alikunja vidole vyake vyenye maji na kuvitazama kwa mashaka. Alikuwa ameoa katika familia hii miaka mingi iliyopita.

Mzee alikuwa mlangoni, begi mkononi. Alikuwa ameona mkono wa mwanawe.

"Na mimi pia," alisema kwa shida. "Nadhani. Naweza kuwa nimefunga. Sasa nani kamuua yule wa kwanza?"



"Baba, nisamehe," mfamasia alisema.

"Nitakusamehe nikielewa ulichokosea. Kwa sasa sielewi kitu."

"Ondoeni koki," fundi magari alipendekeza.

"Maji yatakuja kwa nguvu, yatafurika," mchoraji alisema. "Tatizo ni sauti."

Mfamasia alifikiria. Kazini, akimimina dawa kutoka chombo hadi chombo, huegemeza kijiti cha kioo mdomoni mwa chombo, na dawa huteleza kando ya kijiti bila kudondoka. "Tuweke uzi," alisema. "Uzi wa nailoni kwenye kila tundu, hadi kwenye sponji. Na mwingine kutoka ndoo hadi tangini. Maji yatateleza. Hayatalia."

"Yasipolia," mzee aliuliza, "nitajuaje kama yanapita?"

 

Mchoraji alifungua koki, akaketi chini yake huku mikono yake ameikalia. Mfamasia alikwenda dukani kununua uzi. Fundi magari alikunywa maji yake, akaondoka na mkono wa kushoto mfukoni. Mzee aliweka begi nyuma ya mlango, akavuta kiti hadi kwenye kioo cha tangi, na kuvua kofia.