Zamu ya Kiduara

Watu wa Ujiji wanasema nina wivu. Sasa wamesema uongo? Mwenye mume asiye na wivu ni nani, jiwe? Mimi Mwamini niliolewa na Hamdani akiwa hana hata mvi moja, na ile nyumba yetu ya wageni pale Bangwe, kando ya ziwa, ni jasho langu. Hamdani alinunua saruji, sikatai. Lakini aliyewaleta wateja ni migebuka yangu ya mawese, wale samaki wa ziwa letu. Watu wa mashirika, wale wa magari meupe waliokuja Kigoma kwa ajili ya wakimbizi, walikuwa wakirudi kutoka kambini na vumbi mpaka kwenye kope, wanazipita hoteli zote, wanakuja kula kwangu. Wakishashiba wanauliza kama kuna chumba. Ndivyo tulivyoanza.

Halafu ukaja ule mwaka Warundi walipovuka tena, uwanja wa mpira ukajaa watu na magodoro. Baadaye wakapelekwa kambini, na Hamdani akapata kazi ya kupeleka unga huko. Nikamtuma mume na magunia, akarudi na mke.

Jina lake Zuena, mtoto wa Buyenzi, Bujumbura. Mumewe, Ramazani, walipotezana siku ya kukimbia, kisha watu wakaja kumwambia ameuawa njiani. Akakaa eda, akalia, miaka ikapita, mume wangu akamwona. Mrefu, mweusi wa kung'aa, Kiswahili anacho na Kifaransa anacho. Hamdani akampangia nyumba hapo hapo Bangwe, hatua chache kutoka kwenye biashara, na mimi nikabaki na nyumba yangu ya Ujiji. Zuena aliniita Bi Mkubwa na kupiga magoti akinisalimia. Laiti angekuwa na kiburi! Mtu mwenye kiburi unamjibu. Huyu nilimvalia kanga iliyoandikwa "Mwenye kovu usidhani kapoa", akaisoma, akaniambia, "Bi Mkubwa, rangi hii imekukaa vizuri." Nikaenda kuivulia jikoni.

Hayo yote ningeyabeba. Lililonitoa roho ni websaiti.

Kambini Zuena alikuwa amefundishwa kompyuta. Akamwambia Hamdani kwamba siku hizi watu wa mashirika hawaulizi njiani, wanatazama kwenye mtandao kwanza. Basi wakakaa mapokezi, vichwa vimegusana, wanatengeneza. Nami nikawa napita pale na sufuria, napita tena na mwiko, napita tena bila kitu. Nilidhani ni mambo ya wasomi. Kumbe! Mtandaoni wanakupa ukurasa wa mfano uliokwisha kupangwa, na pembeni kuna vipande: cha picha, cha maandishi, cha kitufe. Unakishika kipande kwa kipanya, unakivuta, unakiachia unapotaka. Hupendi, unakivuta tena. Ni sawa na kupanga vyombo kabatini, na mimi vyombo nimepanga tangu nina akili. Kwa kuchungulia tu nilijua wapi anabonyeza na wapi anaachia, mpaka kile kitufe cha Chapisha kinachopeleka kila kitu duniani.

Ule ukurasa wa mfano ulikuwa wa hoteli ya Ulaya. Zuena akatoa theluji, akaweka ziwa. Akatoa jibini, akaweka migebuka yangu, na chini yake akaandika "Mapishi ya Bangwe". Ya Bangwe! Bangwe inajua kupika? Akateremka chini zaidi, pakatokea maneno "Wenyeji wako" na viduara viwili vya picha, kimoja cha mzungu mwenye ndevu, kingine cha mkewe. Ndevu zikatoka, akaingia Hamdani na kofia yake. Kikabaki kiduara cha mke.

Nikaweka sufuria chini. "Hapo anakaa nani?"

Wote wawili wakanitazama. Zuena akasema upesi, "Bi Mkubwa, viduara vinaongezeka. Naweza kuvuta kingine, tukakaa wote."

"Hapana," Hamdani akasema. "Wageni wenyewe wazungu. Wakiona wake wawili wataanza maswali. Kibaki kimoja."

"Basi kimoja ni changu," nikasema. "Nyumba hii nimeijenga kwa moshi. Mwenyeji ni mimi."

Hamdani akakuna kidevu. Mume wangu anasifika msikitini kwa uadilifu. Akinunua kanga, ananunua doti mbili za namna moja. Akileta samaki anawapima kwa mkono wa kushoto na wa kulia. Kila mmoja wetu alikuwa na siku zake mbili, kuanzia jioni, na hakuwahi kumdhulumu mtu hata saa. Akafikiri, akafikiri, halafu akatoa hukumu yake: kiduara kiende kwa zamu. Akiwa kwangu, picha yangu ikae. Akiwa kwa Zuena, ya Zuena ikae.

Nyie mnacheka. Chekeni basi. Wallahi ndivyo tulivyoishi. Jioni ya zamu yangu Hamdani anapita mapokezi, anaivuta sura ya Zuena inatoka, anavuta yangu inaingia, anabonyeza Chapisha, ndipo anawasha pikipiki tunakwenda Ujiji. Siku zikiisha, natolewa. Kule kuingia hakukunifurahisha sana. Kule kutolewa ndiko kulikonichoma, kumwona mume wangu ananishika kwa kile kishale cha kipanya na kunisogeza pembeni, tena anapiga mluzi.

Theophil, kijana wa Moshi aliyekuwa akiwatafutia vyumba watu wa shirika lake, aliniuliza siku moja mbele ya wageni, "Mama, mbona juzi kwenye websaiti mwenyeji alikuwa mwingine?"

"Yule ni wa juzi," nikamjibu. "Kula chakula chako."

Nilikuwa nikisali, nawaambia ukweli. Sikumwombea mwenzangu mabaya, sikufika huko. Nilimwomba Mungu amtafutie mahali pazuri, pa mbali.

Simu ya nyumba ya wageni ilikaa kwangu jikoni, kwa sababu wengi waliopiga walitaka kujua kuna mboga gani. Asubuhi moja nilikuwa naparua samaki ikalia. Namba ya Kongo.

"Ni pale kwa Hamdani, Kigoma?" Sauti ya kiume, ya taratibu. "Mimi napiga toka Uvira. Patron wangu anakuja huko kununua dagaa, nilikuwa namutafutia chumba kwa mtandao. Nikaona picha."

"Picha ya chumba?"

"Ya bibi mwenye nyumba. Mama, samahani. Yule bibi jina lake ni Zuena? Ana kovu hapa, chini ya kidevu?"

Kisu kikanitoka mkononi. Ilikuwa siku ya Zuena kwenye kiduara, na kovu analo.

"Wewe ni nani?" nikauliza.

"Naitwa Ramazani. Yule ni mke wangu. Mimi walinieleza alikufa kwa kipindupindu pale Kagunga, hata hawajafika Kigoma. Mama, ni muzima?"

Jamani! Moyo wangu ulipiga vigelegele. Mtu mwingine pale angeona huruma kwanza. Mimi niliona njia imefunguka, nyeupe, kutoka mlangoni kwangu moja kwa moja mpaka Uvira. "Ni mzima!" nikapiga kelele. "Mzima, hana hata homa! Njoo, baba. Njoo hata leo. Chumba nakutandikia mimi mwenyewe!"

Zuena alikuwa uani anaanika mashuka, hatua chache tu. Lakini sikumwendea yeye kwanza. Nilikwenda kwa Hamdani mapokezi, na magamba mikononi, kwa kuwa nilitaka kumwona uso. Nilitaka kuona atakavyoshtuka, atakavyosema "Alhamdulillahi, haki ya mtu imerudi," kisha anigeukie mimi.

Nikamwambia yote. Hamdani akasimama, akakaa. Akavua kofia. Halafu akalia.

Sisemi machozi yalimlengalenga. Alilia kwa sauti, mabega yanaruka, pua inatoka, amejishika kichwa kama mtu aliyefiwa. Hamdani huyu alimzika mama yake kwa macho makavu. Hamdani huyu, mimba yangu ilipotoka, mtoto wa kiume aliyekwisha kutimia vidole, alisimama mlangoni akaniambia, "Mungu ana makusudi yake," akaenda dukani. Nikajua ndivyo alivyoumbwa, hana machozi. Miaka yote nimemtetea kwa watu hivyo. Kumbe anayo. Nilisimama pale na magamba yangu, nikaona kwamba nimeshinda, na sikuona faida yake.

Nikaipiga tena ile namba, nikampelekea Zuena simu uani. Alipoisikia ile sauti, alikaa chini juu ya mashuka mabichi. "Mana yanje we! Mungu wangu! Ramazani! Ni wewe? Ni wewe kweli?" Akacheka, akalia, akamtukana kwa Kirundi, akacheka tena. Hakumtazama Hamdani aliyesimama mlangoni. Hata mara moja.

Ramazani akaja kwa boti la mizigo, akashukia Kibirizi. Mwanamume mwembamba, shati limepauka, meno ya mbele yana mwanya. Nilipomwona nikasema moyoni, huyu ndiye wa kumfanya mtu aache nyumba ya bati na ziwa mlangoni? Zuena alimkimbilia mpaka maji yakamfika magotini. Shehe akakaa nao, akasema mume wa kwanza yu hai na mke anamtaka mumewe, hakuna zaidi. Hamdani akatoa talaka kwa sauti ndogo, na ikawa halali kwa kila mtu.

Siku ya kuondoka Zuena aliingia mapokezi, akafungua ukurasa, akaivuta picha yake mwenyewe mpaka kwenye kapu la taka. Kisha akaja jikoni akanishika mikono.

"Bi Mkubwa, ungeweza kuikata ile simu nisijue kitu maisha yangu yote. Mungu akulipe."

"Si kitu," nikamwambia. Na kweli hakikuwa kitu. Mizigo yake nilikwisha kuifunga mwenyewe tangu jana yake, na kanga mbili zangu mpya nilimtilia ndani.

Jioni ile zilianza siku zangu. Hamdani akaivuta picha yangu, akabonyeza Chapisha, tukaenda Ujiji. Nilipika wali wa nazi na kuku, nikajifukiza udi. Mke mmoja, nyumba moja, kiduara kimoja. Nani kama mimi? Hamdani akala kidogo, akasema amechoka.

Siku mbili zikaisha. Asubuhi iliyofuata nikafika Bangwe, nikapita mapokezi, nikatupa jicho kwenye kompyuta. Picha yangu haikuwepo. Kwenye kiduara cha mke palikuwa patupu, kijivu, na ule mchoro wao wa kichwa na mabega usio na uso. Nikadhani mashine imeharibika. Nikakamata kipanya, nikajivuta mwenyewe nikajiweka, Chapisha. Kufikia adhuhuri nimetolewa tena, na kijivu kimerudi.

Usiku ule pia Hamdani hakuja Ujiji, kama jana yake. Alilala kwenye chumba cha mwisho cha nyumba ya wageni, kinachotazama ziwa.

Nikamfuata asubuhi, nikamkuta mapokezi anafuta vumbi kwenye kompyuta.

"Hamdani, mimi nimekosa nini?"

"Hujakosa."

"Sasa pale kwenye kiduara pana nini?"

Hakunitazama. "Mwamini, siku zako ninakupa zote, sijakupunguzia," akasema. "Hizi nyingine si zako." Akaendelea kufuta.

Mwezi wa ngapi sasa, naingizwa, natolewa. Mke mwenza mwenye sura nilimweza. Utamsema, utamsonya, utampikia kitu kitamu zaidi yake. Yule wa kijivu nimfanye nini? Hazeeki, hakosei, hajibu. Nimejaribu hata kumvalia ile kanga. Theophil naye, mdomo wake mrefu, ameniuliza, "Mama, mwenyeji wa leo ni nani mbona hana sura?" Nikamnyima samaki, akala maharage.

Jana nimeshindwa. Nikachukua simu, nikapiga ile namba ya Uvira. Akapokea Zuena mwenyewe, na nyuma yake nilisikia mtu anacheka, sufuria zinagongana, nyumba ya watu wenye raha.

"Bi Mkubwa!" Akafurahi kweli, mtoto wa watu. "Habari za Bangwe? Mzee hajambo?"

"Hajambo," nikasema. "Zuena, wewe si ulishaondoka?"

Akauliza kwa wasiwasi, "Kwani nimesahau kitu huko?"

Nilikuwa nimesimama mapokezi. Kompyuta ilikuwa wazi mbele yangu, Hamdani na kofia yake upande mmoja, na pembeni yake kile kijivu.

"Ndiyo," nikamwambia. "Umesahau."