Uzito wa Pua

Kwa miaka thelathini na mitano Fundi alitengeneza meno ya bandia, na mpaka leo akipita mtaani hutazama midomo ya watu kabla ya nyuso zao. Alipostaafu, vijitupa vyake, visu vyembamba na taa ya shingo ndefu vilihamia kwenye meza ya chumba cha mbele, na kazi ikawa kuunda ndege ndogo za plastiki, zile za zama za vita vikuu. Kabati la kioo lilikuwa nazo kumi na tisa. Ya ishirini ilikuwa ya kurusha mabomu, yenye injini mbili, na ilikuwa imekwama mwaka wa pili sasa kwa sababu msomaji wake alikuwa amesafiri.

Msomaji ni mkewe, karani mstaafu wa shule, ambaye Fundi humwita Karani hata mbele ya wageni. Utaratibu wao ulikuwa hivi: Fundi anakaa na kisu, mkewe anakaa upande wa dirisha na karatasi ya maelekezo. Anasoma hatua moja, kwa sauti ile ile aliyosomea barua za mwalimu mkuu, kisha ananyamaza. Fundi anakata, anapiga tupa, anatia gundi, halafu anasema, "Tayari." Hapo ndipo Karani anatia alama ya vema kwa penseli na kusoma hatua inayofuata. Bila "tayari" haendelei, hata chai ipoe, hata mgeni agonge mlango mpaka achoke.

Siku simu ilipoita walikuwa wamemaliza hatua ya sita. Binti yao, aliyeolewa nchi ya mbali, alikuwa amejifungua mapacha na hakuwa na wa kumshika mkono. Karani akaaga kwa miezi mitatu. Mitatu ikawa sita, sita ikawa mwaka, mapacha wakaota meno, wakatembea, na bibi yao bado yuko huko anawabembeleza. Kila Jumapili alipiga simu kumuuliza mumewe hali. Kila Jumapili Fundi alijibu kwamba hajambo, hana shida yoyote, mkewe awalee tu wajukuu.

Uongo mtupu. Alikuwa akila amesimama jikoni, sahani moja, kijiko kimoja, na kuviosha papo hapo kama mtu anayefuta ushahidi. Alikuwa akifungua redio na kusikiliza bei za mazao asiyoyalima, ili mradi nyumba iwe na sauti ya mtu. Usiku alilala upande wake ule ule wa kitanda, na mto wa upande wa pili haukuwa na hata mkunjo. Lakini kusema? Thubutu. Wapo wanaume walio radhi kung'olewa meno yote bila ganzi kuliko kutamka "nimekukumbuka," na huyu alikuwa mwenyekiti wao.

Asubuhi moja akapiga moyo konde, akafungua boksi. Vipande vyote vilikuwemo, ila karatasi ya maelekezo haikuonekana. Akapekua droo, akainua godoro, akachungulia hata ndani ya friji. Ilimpitia akilini kwamba huenda iliondoka kwenye mkoba wa Karani, na kupiga simu kuuliza ilikuwa kazi ya dakika moja. Hakupiga. Alijiambia hataki kumsumbua mtu mwenye mapacha. Ukweli ni kwamba hakutaka kusikika akiomba.

Basi akaunda kwa kukumbuka, akitazama picha iliyo juu ya boksi. Mikanda ya viti vya marubani aliikata kwenye karatasi ya fedha ya pakiti ya majani ya chai. Nusu mbili za mwili alizifunga kwa mipira mpaka gundi ikashika, akasugua maungio kwa msasa mpaka ukucha ukipita hausikii kitu. Mgongo akaupaka kijani cha jeshi, tumbo kijivu. Kwa kipande cha sponji akadonoa rangi ya fedha pale ambapo viatu vya marubani vingekwangua, na nyuma ya injini akapaka masizi ya unga wa penseli. Mara mbili alijikuta amesema "Tayari" kwa sauti. Mara zote mbili akajifanya amekohoa.

Wiki ya tano akabandika magurudumu, mawili chini ya mabawa na moja chini ya pua, akaisimamisha mezani. Ndege ikafikiri kidogo, ikainua pua, ikakaa kitako.

Akaisukuma pua chini. Ikakaa kitako tena, kama mtoto aliyekataa kwenda shule. Hapo akatambua kosa. Ndege za namna hii huwa nzito mkiani; kabla ya kufunga mwili lazima utie vyuma vidogo vizito puani, nyuma ya kioo. Alikuwa ameunda nne za aina hiyo, na hakuna hata moja ambayo alikumbuka mwenyewe, kwa kuwa kila mara Karani alisoma, "Uzito wa pua," naye akatia. Sasa mwili ulikuwa umefungwa na kupakwa rangi. Kuutia uzito ni kuupasua kwa msumeno.

Hakuupasua. Alisukumia kiberiti chini ya mkia, akaigeuza ndege mpaka bawa likakificha, akapiga picha na kumtumia mkewe. "Nimemaliza," aliandika. Jibu lilichukua saa nzima kufika: "Hongera. Imependeza."

Kesho yake mchana binti akapiga, sauti nyepesi ya mtu aliyetua mzigo. Alisema mama ameamua kubaki moja kwa moja. Karatasi za ukaazi atazisaini Ijumaa. Miezi yote hii alikuwa akisitasita, lakini jana alitazama simu yake, kisha akasema, baba yako anajiweza. Je, baba angeweza kumfungia nguo zake zilizobaki?

Fundi alisema sawa. Na kweli alikwenda, akafungua kabati, akatoa gauni la kwanza na hanga lake. Akaketi kitandani, upande usio wake, akalia na gauni mapajani. Kisha akapiga simu.

"Karani," alisema, "ile ndege ina kiberiti chini ya mkia."

"Kiberiti cha nini?"

"Inakaa kitako. Sikutia uzito. Hakukuwa na mtu wa kunisomea."

Alitarajia mkewe angecheka. Badala yake alisikia zipu ya mkoba, kisha karatasi ikikunjuliwa.

"Karatasi ninayo mimi," Karani alisema. "Niliichukua makusudi siku ile. Nikasema hataweza bila hii, ataniita. Jumapili zote hizo nakuuliza hali, nasubiri uulize karatasi."

"Nilijua unahitajika huko."

"Huku nahitajika, najua. Nilitaka kujua na huko."

Fundi alikuwa na majibu ya kiungwana, yale yale ya Jumapili. Karani hakuyangoja. Akasafisha sauti, akasoma kama anasoma barua ya mwalimu mkuu.

"Hatua ya saba. Kabla ya kufunga mwili, tia uzito puani, gramu ishirini na tano." Kisha akanyamaza, kama ilivyo kawaida yake.

Miaka yote ile zamu ya Fundi ilikuwa na neno moja tu. Alilitafuta, akaliacha.

"Bado," alisema. "Bado, Karani. Mimi bado kabisa."

Upande wa pili wa simu mtoto mmoja alikuwa akigonga kitu kwa kijiko.

"Basi siendelei," Karani alisema. "Hatua ya nane nitakusomea hapo nikifika. Na usiipasue mpaka niione ilivyokaa."

Baada ya simu Fundi alirudisha gauni kabatini, akaenda chumba cha mbele na kuchomoa kiberiti. Ndege ikakaa kitako, pua juu, ikitazama dari. Akaiacha hivyo hivyo. Hapo ndipo alipogundua kwamba hakuuliza atakuja lini, na Jumapili ilikuwa bado siku nne. Akachukua simu, akapiga tena.